Pikipiki Ikikataa Kuwaka

Njia panda ya Miti yajulikana na kila msafiri wa Kivu ya Kusini. Barabara itokayo Bukavu hugawanyika hapo. Mkono mmoja waendelea Kavumu na kufuata upande wa ziwa kuelekea Goma. Mkono wa pili wapanda mlima, wapenya msitu wa Kahuzi-Biega, kisha washuka Bunyakiri na Hombo. Katika barabara hizo pikipiki imekuwa punda, tena imekuwa gari la wagonjwa. Hiyo ndiyo ibebayo magunia ya kabichi mpaka soko la Mudaka, impelekayo mwalimu shuleni kwake, na usiku wa mvua ndiyo imfikishayo mama mwenye uchungu kwa mkunga.

Kwa hiyo pikipiki ikizimika, si chuma peke yake kilichozimika. Baba wa nyumba aisukuma mpaka chini ya mwembe wa fundi, na mara nyingi neno la kwanza analolisikia ni hili: “Kabureta imekufa, nunua nyingine.” Naye anunua. Fedha iliyotoka ni ile iliyowekwa kwa ajili ya karo ya watoto. Baada ya majuma mawili ugonjwa ule ule warudi, maana uchafu ulikuwa katika tangi, nao umekwisha kushuka ndani ya kabureta mpya.

Neno tulilo nalo leo ni fupi: kabureta nyingi zinazosemwa zimekufa ni chafu tu. Mtu mwenye subira, bisibisi nzuri na pampu ya baiskeli aweza kuifufua nyingi kati ya hizo kwa mchana mmoja, bila kununua kitu. Lakini sharti ajue kazi yake, afuate utaratibu, na ajihadhari na mambo mawili: moto na waya. Tunasema hasa juu ya pikipiki za zamani, kama Yamaha DT 125 na AG 100, au Honda XL 125, ambazo zingali zikitumika vijijini. Pikipiki mpya nyingine hazina kabureta kabisa, bali hupuliziwa esansi kwa kifaa cha umeme. Hizo zina mafundi wake.

Tunasema esansi, wala hatusemi petroli, kwa sababu kwetu Kongo petroli ni mafuta ya taa. Anayesoma vitabu vya Tanzania au Kenya na akumbuke hilo, asije akatia mafuta ya taa katika tangi.

KABURETA YAFANYA KAZI GANI?

Esansi iliyo majimaji haiwaki vema ndani ya injini. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa kwa kipimo. Kwa uzito, kilo 1 ya esansi yahitaji kilo 15 hivi za hewa. Kwa ujazo, lita 1 ya esansi yahitaji kiasi cha lita 9,000 za hewa ya pwani, yaani hewa ijazayo chumba chenye meta 2 kwa 2 na kimo cha meta 2 na robo. Esansi ikizidi, injini hukohoa moshi mweusi. Ikipungua, injini hupata joto kali na kukosa nguvu. Kazi ya kabureta ni kupima na kuchanganya, basi.

Yapimaje bila mkono wala jicho? Ndani yake mna bomba la hewa lililofinywa katikati kama kiuno cha nyigu. Injini inapovuta pumzi, hewa hukimbia zaidi mahali pale pembamba. Na hapo hewa inapokimbia zaidi, kani yake hupungua. Basi esansi iliyo chini, katika bakuli la kabureta, husukumwa juu na hewa ya nje, ikapita katika tundu dogo na kutawanyika kama ukungu. Aliyepata kutumia pampu ya mkono ya kunyunyizia dawa ya mbu amekwisha kuiona kazi hiyo kwa macho yake.

Habari hiyo ya bomba lililofinywa ilichunguzwa na Giovanni Battista Venturi, padre Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1746, ambaye alifundisha katika seminari ya Reggio. Alitoa kitabu chake juu ya mwendo wa maji mwaka 1797. Mpaka leo sehemu ile nyembamba huitwa kwa jina lake. Miaka karibu mia ilipita, na mnamo 1893 Wahungaria Donát Bánki na János Csonka kwa upande wao, na Mjerumani Wilhelm Maybach kwa upande wake, wakatengeneza kabureta za kunyunyiza esansi. Hiyo ya pikipiki yako ni mjukuu wa hizo.

Sasa shikeni majina ya viungo vyake, maana bila majina hamna utaratibu.

Bakuli ni kile kikombe cha chini kinachotunza esansi kidogo. Ndani ya bakuli mna boya, ambalo hufanya kazi sawasawa na boya la tangi la maji: bakuli likijaa, boya hupanda na kuisukuma sindano fupi ifunge mlango wa esansi. Jikleri ni vijipande vya shaba vyenye tundu la kupimia esansi. Ziko mbili: ndogo ni ya injini inapozunguka polepole, pikipiki ikiwa imesimama, kubwa ni ya mbio na mlima. Katikati ya hizo mbili hutawala sindano ndefu, iliyofungwa chini ya kizibo kinachopanda na kushuka kila uzungushapo mkono wa gesi. Mwisho kuna starteri, yaani kile kifaa cha kuongeza esansi asubuhi penye baridi.

USIANZE NA KABURETA

Mganga mwema hapasui tumbo kabla ya kuuliza mgonjwa amekula nini. Vivyo hivyo, kabla ya kugusa skrubu yo yote ya kabureta, pitia mambo haya matano kwa zamu.

Kwanza, fungua tangi utazame. Je, esansi imo? Je, robine imefunguliwa, au yafaa kugeuzwa upande wa akiba? Msicheke, wengi wamesukuma pikipiki kilometa nyingi kwa sababu ya robine.

Pili, tazama kifuniko cha tangi. Kina kitundu cha kupitishia hewa. Kitundu hicho kikizibwa na tope, esansi haiwezi kushuka, kama vile maji yanavyokataa kutoka katika dumu lenye tundu moja. Dalili yake ni dhahiri: pikipiki yaenda kilometa chache, yazimika, ukifungua kifuniko wasikia hewa ikivutwa ndani, kisha yawaka tena. Hapo kabureta haina kosa.

Tatu, angalia kichujio cha hewa. Katika miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, vumbi la barabara hukijaza upesi. Injini yenye kichujio kilichozibwa hutoa moshi mweusi, na mwenyewe huilaumu kabureta bure.

Nne, toa plagi, ambayo wengine huiita buji, uisome. Ikiwa kavu kabisa baada ya kupiga teke mara nyingi, esansi haifiki: kosa liko kati ya tangi na injini, na yawezekana ni kabureta. Ikiwa imelowa, esansi yafika, ila cheche haipo au esansi imezidi. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, esansi yazidi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa yazidi. Ikiwa na rangi ya kahawia kama udongo mkavu, mchanganyiko ni mwema. Ukitaka kupima cheche, ifute kwanza, uiweke juu ya chuma cha injini mbali na tundu ilimotoka, mahali pasipomwagika esansi.

Tano, chini ya bakuli pana skrubu ya kumwagia. Ifungue, uipokee esansi katika gilasi nyeupe, uiache itulie dakika chache. Maji ni mazito kuliko esansi, wala havichanganyiki. Kama yamo, utayaona yamelala chini kama ushanga. Maji hayo hutoka wapi? Hutoka katika dumu lililoachwa wazi mvuani, katika chupa ya muuzaji wa kando ya njia ambayo haikukaushwa, au katika tangi lenyewe, kwa unyevu wa usiku. Tone moja likikaa juu ya tundu la jikleri latosha kuizima pikipiki katikati ya msitu. Mara nyingi dawa ni kumwaga tu, na safari yaendelea.

DALILI NA MAANA ZAKE

Yakiwa hayo yote ni mazuri, na ugonjwa ungali upo, basi kabureta yenyewe yasema kwa dalili zake.

Pikipiki yawaka kwa starteri peke yake, nayo yafa mara starteri ikifungwa: jikleri ndogo imeziba. Huu ndio ugonjwa wa kila siku, hasa kwa pikipiki iliyokaa miezi bila kutumika. Esansi iliyobaki katika bakuli hukauka polepole na kuacha utomvu kama gundi, na tundu lile dogo ndilo huziba kwanza.

Yakaa vizuri ikisimama, lakini mlimani yakosa pumzi: jikleri kubwa imeziba nusu, au kichujio kidogo kilicho katika robine kimejaa uchafu, ndiyo sababu bakuli halijai upesi.

Esansi yadondoka chini kupitia mpira wa kumwagia: sindano ya boya imeshikwa na mchanga au imelika, au boya limetoboka. Boya la kutoboka hujulikana kwa kulitikisa karibu na sikio. Ukisikia majimaji ndani, limekwisha.

Injini yapiga mbio yenyewe, nayo haitaki kushuka: pengine waya wa gesi umekwama, pengine kizibo kimeshikwa na uchafu, pengine hewa yaingia kwa siri katika mpira uliopasuka kati ya kabureta na injini. Dalili hii msiivumilie hata siku moja. Katika mteremko wa kushuka kutoka msituni, pikipiki isiyotii mkono yaweza kumwua dereva na abiria wake.

KWANZA MOTO

Kabla ya kufungua kabureta, chagua mahali. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi, bali hutambaa chini kama ukungu wa asubuhi bondeni, waweza kufika mbali usipodhani. Kwa hiyo kazi hii haifanywi jikoni, wala barazani karibu na mbabula yenye makaa, wala usiku kwa mwanga wa kitadowa. Fanya nje, mchana, penye upepo, bila sigara, nawe uwe umeiacha injini ipoe. Weka karibu ndoo ya mchanga au udongo mkavu. Moto wa esansi hauzimwi kwa maji, maji huutawanya.

Tena esansi ya kuoshea isitiwe katika kikombe cha chai au chupa ya limonadi. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma hatari. Wala mtu asiivute kwa mdomo kutoka katika tangi kwa mpira, ijapokuwa twaliona jambo hilo kila siku. Esansi ikishuka katika mapafu ni balaa kubwa. Mtu akiimeza, asitapishwe, maana akitapika yaweza kuingia mapafuni. Apelekwe upesi katika kituo cha afya.

KUFUNGUA NA KUOSHA

Tayarisha beseni safi, kitambaa cheupe, mswaki wa zamani, pampu ya baiskeli, karatasi na kalamu. Bisibisi iwe ile inayojaa kabisa katika mfuo wa skrubu. Shaba ni laini. Bisibisi ndogo hukwangua kichwa cha jikleri mara moja tu, na baada ya hapo haitoki tena.

Funga robine. Mwaga esansi ya bakuli. Fungua kifuniko cha juu, uvute polepole kizibo pamoja na sindano yake ndefu, ukivifunge kitambaa na kuvitundika pasipo vumbi. Sindano hiyo ina mifuo kadhaa, na kibanio kidogo kimekaa katika mmoja wao. Andika ni mfuo wa ngapi kutoka juu. Kisha legeza vibano viwili, mbele na nyuma, uitoe kabureta, na kwenye tundu la injini uzibe kwa kitambaa safi. Skrubu moja ikianguka humo ndani, mchana wako utakuwa juma zima.

Osha nje kabla ya kufungua ndani. Hili wengi hulisahau, hata wakaingiza kwa mikono yao tope walilokuja kulitoa. Kauka ikisha, ipindue, fungua skrubu za bakuli, aghalabu nne, ulitoe bakuli kwa upole ili gasketi isipasuke. Ukiona chini ya bakuli unga wa kutu, ujue kwamba tangi nalo lataka kuoshwa. Usipoliosha, utairudia kazi hii karibuni.

Sukuma kijiti cha boya, ulitoe boya pamoja na sindano yake fupi. Tazama ncha ya sindano hiyo kwenye jua. Ikiwa na mfuo wa pete uliozunguka, imelika, na hiyo ndiyo yafaa kununuliwa, si kabureta nzima. Fungua jikleri zote mbili. Ubavuni mwa kabureta kuna skrubu ya kupimia mchanganyiko. Kabla ya kuitoa, izungushe kuifunga polepole ukihesabu mizunguko mpaka iguse mwisho, bila kukaza. Andika hesabu hiyo, iwe mzunguko mmoja na nusu au zaidi, kisha ndipo uitoe. Anayeikaza kwa nguvu huiharibu ncha yake, na injini haitatulia tena.

Viungo vya chuma na shaba viloweke katika esansi safi, vikae. Utomvu wa zamani hauondoki kwa haraka. Mipira na gasketi usiviloweke, vitavimba. Kisha sugua kwa mswaki, na kwa pampu ya baiskeli pulizia kila tundu, kwanza kwa upande mmoja, kisha kwa upande wa pili, mpaka uhisi upepo umetoka upande mwingine. Jikleri iinulie mbinguni, uitazame kwa jicho moja. Ukiona nukta ya mwanga iliyo mviringo kamili, imepona. Ukiona nusu mwezi, irudishe katika esansi.

JIHADHARI NA WAYA

Hapa ndipo kabureta nyingi huuawa, tena na watu wenye nia njema. Jikleri ikikataa kuzibuka, mtu achukua sindano ya kushonea au waya wa breki ya baiskeli, achokoa kwa nguvu, tundu lafunguka, pikipiki yawaka, na wote washangilia. Kumbe tundu limepanuka.

Wanafunzi na wachukue kalamu. Tundu la jikleri ndogo halifiki nusu milimita. Tuseme upana wake ni milimita 0.40, na waya umelipanua mpaka 0.50. Mtu atasema, “Sehemu moja ya kumi ya milimita ni nini?” Lakini esansi hupita katika eneo la tundu, nalo eneo hukua kwa kipeo cha pili cha upana. 40 mara 40 ni 1,600; 50 mara 50 ni 2,500. Basi eneo limeongezeka kwa asilimia 56. Ule mkwaruzo usioonekana kwa macho umefungua njia kwa nusu nyingine ya esansi na zaidi. Tangu siku hiyo mwenye pikipiki hununua esansi nyingi, plagi yake hujaa masizi, na hajui kwa nini.

Badala ya chuma, tumia unywele mmoja wa mswaki wa plastiki, au uzi mmoja mwembamba wa shaba uliotolewa katika waya laini wa umeme, ulio mwembamba kuliko tundu, tena bila kusukuma kwa nguvu. Ikishindikana kabisa, nunua jikleri yenye nambari ile ile iliyoandikwa juu yake. Haraka haraka haina baraka.

HEWA YA MILIMA YETU

Kuna neno moja ambalo vitabu vya viwandani hulitaja kwa ufupi, nasi wa Kivu latugusa sana. Ziwa Kivu liko meta 1,460 juu ya bahari. Miti iko juu zaidi, na barabara ya Tshivanga yapita meta 2,000. Kadiri mtu apandavyo, hewa hupungua uzito. Kandokando ya ziwa, kani ya hewa ni kama asilimia 84 ya ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Akina mama hulijua jambo hili bila hesabu: kwetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala si 100, ndiyo maana maharagwe hukawia kuiva.

Sasa, kabureta haijui kwamba imeletwa milimani. Ikiwa ilipimwa kwa nchi za chini, hutoa karibu esansi ile ile, na hali hewa ya kuichanganya imepungua. Ndipo pikipiki ikatoa moshi mweusi na kuchoka mlimani, ijapokuwa ni safi ndani kama sahani ya altareni. Sehemu ya uchovu huo haina dawa, kwa kuwa injini yenyewe imekosa hewa. Lakini mchanganyiko waweza kusahihishwa kwa adabu: kipandishe kibanio cha sindano ndefu mfuo mmoja juu, ili sindano ishuke na kubana esansi, au tia jikleri kubwa yenye nambari ndogo kidogo. Andika ulichobadili.

Tena kumbuka kukirudisha. Anayeshuka kwenda Bunyakiri kukaa huko, au Uvira, ambako Ziwa Tanganyika liko meta 770 tu, akutana na hewa nzito. Pikipiki iliyobanwa esansi kwa ajili ya milima itawaka joto mno huko chini, na pistoni yaweza kushika au kutoboka. Safari ya siku moja si neno. Makao ni neno jingine.

KUIRUDISHA MAHALI PAKE

Rudisha kila kitu kwa kinyume cha ulivyokitoa. Jikleri zikazwe kwa vidole viwili vya bisibisi, si kwa nguvu ya bega. Skrubu ya mchanganyiko irudi kwa hesabu uliyoiandika. Kizibo kina mfuo ubavuni. Sharti ukae juu ya kijino kilicho ndani, nacho kizibo kishuke chenyewe kwa uzito wa springi. Zungusha mkono wa gesi mara kumi kabla ya kuwasha: kila mara uuachapo, sikia “tak” ya kizibo kikigonga chini. Usipoisikia, usiwashe.

Fungua robine, ungoje dakika tano. Hapadondoki kitu? Vema. Piga teke. Injini ikisha kupata joto, rekebisha mwendo wake wa kusimama kwa skrubu yake, pole pole, mpaka itulie. Pikipiki ambazo oili yake huchomwa pamoja na esansi, kama DT na AG za zamani, zikaguliwe oili siku hiyo hiyo. Kabureta safi haimwokoi mtu aliyesahau oili.

KUZUIA NI BORA

Kazi yote hii yaweza kupungukiwa nusu kwa desturi ndogo. Chuja esansi kwa kitambaa safi kikavu kila uitoapo katika chupa au dumu. Funga robine kila jioni. Pikipiki ikilazwa zaidi ya mwezi, mwaga esansi ya bakuli. Kila juma wakati wa vumbi, toa kichujio cha hewa ukisafishe. Mwaga bakuli katika gilasi mara moja kwa mwezi, uone kama maji yamo. Ukimnunulia fundi kazi, mwombe akuonyeshe alichokitoa. Fundi mwema hafichi, naye hupenda mteja aulizaye.

Nanyi vijana mnaosomea ufundi, chukueni kabureta ya zamani iliyotupwa, muifungue mezani, mchore kila kiungo na kuandika jina lake, kisha muifunge tena. Fanyeni hivyo mara tatu. Siku moja, usiku, mama mwenye uchungu atakuwa amekaa juu ya pikipiki iliyokataa kuwaka, na watu wamesimama na taa mikononi hawajui la kufanya. Ziwekeni zile taa za moto mbali, mwaga bakuli, tazama katika gilasi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini aujuaye ufa mahali ulipo, huuziba kwa kidole.